Ndoo ya Bati na Ugonjwa wa Mipekani

Mpekani ni mti mkubwa wa Marekani ya Kaskazini. Asili yake ni bonde la mto Mississippi na nchi ya Texas, hata kufika kaskazini ya Mexico, nao hupenda kumea karibu na mito, mahali penye udongo wenye kina. Ukikomaa waweza kupita futi 100 kwenda juu, na maisha yake ni marefu kuliko maisha ya mtu. Jani lake si jani moja pana kama la mkorosho, bali ni kikonyo kirefu chenye vijani vingi huku na huku, mfano wa jani la mwarobaini. Tunda lake lina ganda gumu, na ndani ya ganda mna kiini chenye mafuta mengi. Wenyeji wa asili wa nchi ile walikuwa wakiziokota pekani na kuzila tangu zamani, kabla Wazungu hawajafika.

Mbegu ya mpekani ikipandwa, mti uotao haufanani sawasawa na mama yake. Mmoja huzaa pekani kubwa, na ndugu yake huzaa ndogo zenye ganda nene. Basi zamani hapakuwa na mashamba ya mipekani yaliyo sawa, mpaka mtu mmoja alipofaulu kuiunganisha. Mtu huyo alikuwa mtumwa, mtunza bustani wa shamba la Oak Alley katika Louisiana, jina lake Antoine. Katika majira ya baridi ya mwaka wa 1846 kuingia 1847 alichukua vijiti vya mti mmoja wenye pekani nzuri, akaviunganisha na miti mingine 16, navyo vikashika. Mwaka wa 1876 pekani za aina hiyo zilionyeshwa Philadelphia katika maonyesho ya kuadhimisha miaka 100 ya taifa lile, zikasifiwa sana, na aina yenyewe ikaitwa Centennial. Walioipa jina walikuwa wengine. Yeye aliyefanya kazi anajulikana kwa jina lake moja tu.

Kwa ufundi huo wa kuunganisha, mwanzoni mwa karne ya 20 watu walipanda mipekani maelfu ya eka, hasa katika Georgia karibu na mji wa Albany. Mpekani si mahindi. Mwenye kupanda hungoja miaka mingi kabla hajapata mavuno ya kumlipa, na muda wote huo hupalilia, hupogoa, tena hutoa fedha asizorudishiwa. Wengi walipanda kwa ajili ya watoto wao kuliko kwa ajili ya nafsi zao.

Na mashamba yale yalipoanza kukua, miti ikaugua.

Ugonjwa ulianza kileleni. Vijani vipya vilitoka vidogo, vyembamba, vimejikunja, na kati ya mishipa yake palikuwa na rangi ya manjano. Vijiti havikurefuka. Fundo moja lilikaribiana na fundo la pili, hata majani yakasongamana mahali pamoja kama ua la waridi, kwa hiyo wakauita ugonjwa wa waridi. Jina zuri kwa jambo baya. Mwaka uliofuata ncha za vijiti zilikauka. Chini yake yakachipuka machipukizi mengine, nayo yakaugua vile vile, na mwaka baada ya mwaka mti ukabaki na kichwa cha fimbo kavu. Mara nyingi mti haukufa, bali uliacha kuzaa. Kwa mkulima aliyengoja miaka 10, mti uliosimama bila kuzaa ulikuwa huzuni ya kila siku.

Wataalamu wa kilimo walitafuta sababu. Kwanza walidhani ni vijidudu, kwa maana wakati ule magonjwa mengi ya mimea na ya watu yalikuwa yamekwisha julikana kuwa ni kazi ya vijidudu. Wakatazama majani na mizizi kwa darubini, wasione kitu. Kisha wakaona ya kuwa ugonjwa hufuata udongo: shamba moja lilikuwa na miti mibaya na mizuri, na miti mibaya ilikuwa mahali penye udongo hafifu, au mahali palipotiwa chokaa nyingi. Basi wakatia mbolea, na mahali pengine mbolea haikusaidia hata kidogo. Mti ulikuwa na njaa, lakini chakula ulichopewa sicho ulichokitaka.

Watu watatu wa wizara ya kilimo ya Marekani, Alben, Cole na Lewis, walidhani kwamba kinachopungua ni chuma. Dhana yao haikuwa ya ovyo. Mmea uliokosa chuma hupata majani ya manjano, na mishipa yake hubaki kijani, na majani ya mipekani migonjwa yalifanana na hayo. Kwa hiyo walichukua chumvi za chuma, wakaziyeyusha katika maji, wakaitibu miti kwa maji hayo. Miti mingine ikapona, ikatoa majani mapana ya kijani. Miti mingine haikupona. Dawa ilikuwa moja, ugonjwa ulikuwa mmoja, na matokeo yalikuwa mawili.

Mtu mwingine angalisema, "Dawa hii hufaa mara moja moja," akaenda zake. Wao hawakuridhika. Walianza kuuliza juu ya kila kitu kilichotumika, hata vyombo. Ndipo walipoona ya kuwa dawa iliyofaa ni ile iliyokorogwa katika vyombo vya bati.

Hapa yafaa kulitazama bati vizuri. Bati la kuezekea nyumba, na ndoo ya kuchotea maji kisimani, ndani yake ni chuma, na nje limepakwa madini nyingine, nayo ni zinki, ili chuma kisishike kutu. Tazameni bati jipya juani: mna maua maua yenye kung'aa, mengine meupe, mengine ya kijivu. Maua hayo ni zinki iliyoganda. Basi maji ya chumvi za chuma yana ukali kama wa ndimu, nayo yakikaa katika ndoo ya namna hiyo huila zinki kidogo kidogo na kuichukua. Wataalamu wale walipoyapima maji ya dawa, waliona zinki ndani yake. Hakuna aliyeitia, ndoo ndiyo iliyoitia.

Basi wakaiacha chumvi ya chuma, wakajaribu chumvi ya zinki peke yake, na miti ikapona. Habari hizo zilitangazwa mwaka wa 1932. Karibu na wakati huo huo, upande wa pili wa nchi, katika California, wataalamu wa chuo kikuu, Chandler, Hoagland na Hibbard, walikuwa wakiitibu miti ya matunda yenye ugonjwa wa majani madogo, nao wakaona mambo yale yale: chumvi ya chuma isiyo safi iliponya, na chumvi safi kabisa haikuponya, maana katika ile isiyo safi mlikuwa na zinki. Si mara nyingi uchafu hupata heshima kama hiyo.

Huenda mwanafunzi akauliza: zinki ni kiasi gani, hata kukosekana kwake kuangushe mti mkubwa kama ule? Ni kidogo mno. Majani ya mpekani wenye afya yakikaushwa, kwa kila sehemu milioni za uzito wake, sehemu 50 hivi au zaidi kidogo ni zinki. Kwa hesabu nyingine, katika majani makavu ya uzito wa kilo 1,000 mna zinki gramu 50, kadiri ya yai dogo la kuku. Lakini yai hilo likikosekana, kilo 1,000 zenyewe hazipatikani. Jambo hili si geni kwa mwili wa mtu. Katika nchi nyingi za milimani watu wamepata kuvimba shingo kwa rovu, na sababu yake ni kukosa madini ya aidini katika chakula, ambayo mwili huihitaji kwa kiasi kisichojaza ncha ya kijiko.

Kazi ya zinki katika mti ni nyingi, na mojawapo ni kusaidia kufanyiza kile kinachoviamuru vijiti virefuke na majani yapanuke. Isipokuwapo, amri haitoki, na fundo hukaa juu ya fundo.

Katika kuitia zinki kuna shida moja. Udongo mwingine unayo tayari, lakini umeifungia. Katika sehemu nyingi za Texas udongo una chokaa nyingi, na zinki ikiwa katika udongo wa namna hiyo hushikwa, mizizi isiweze kuivuta. Mkulima aweza kumwaga magunia chini ya mti, na mti ukabaki na njaa, kama mtu mwenye fedha ndani ya sanduku lililopotewa na ufunguo. Kwa sababu hiyo huko Texas hunyunyiza majani yenyewe. Huyeyusha ratili 2 za salfeti ya zinki katika galoni 100 za maji, na kuanza kunyunyiza mapema katika majira ya kuchipua, mara majani yanapofunguka. Kunyunyiza mara moja hakutoshi, kwa maana zinki iliyoingia katika jani la kwanza haihami kwa wingi kwenda katika jani lizaliwalo baadaye. Kila kundi jipya la majani lataka lake, hivyo hurudia kila baada ya majuma mawili au matatu mpaka majani yamekwisha kupanuka. Mwenye kuchelewa mpaka majani yamekomaa hunyunyiza bure.

Katika Georgia mambo yalikuwa mengine. Udongo wa huko ni wa mchanga tena una asili ya ukali, nao hauifungi zinki kwa nguvu namna ile. Hivyo wakulima waliweza kuitia ardhini, nayo ikafika mizizini. Ilikuwa kazi nyepesi, bei yake haikuwa kubwa, na kila mtu alikuwa amesikia jinsi zinki ilivyoponya miti. Basi wakatia. Mwaka wa pili wakatia tena. Miti ilikuwa imekwisha kupona, nao wakaendelea kutia, baba akamwachia mwana desturi hiyo pamoja na shamba.

Lakini zinki haifanani na mbolea ya naitrojeni, ambayo mvua huichukua upesi. Zinki hukaa. Iliyotiwa mwaka huu hulala juu ya iliyotiwa mwaka jana, na mti hutwaa kidogo tu. Miaka 40 au 50 ikapita, na katika mashamba mengi ya zamani udongo wa juu ukajaa zinki.

Wa kwanza kulalamika walikuwa wenye karanga. Georgia ni nchi ya karanga pia, na mahali pengine mipekani mizee ilikatwa, karanga zikapandwa pale pale. Mkaranga hauvumilii zinki nyingi. Majani yake yalikuwa manjano, shina likapasuka karibu na ardhi, na mmea ukafa kabla ya kuzaa. Mara nyingine mtu aliweza kuonyesha mahali ambapo kila mpekani ulikuwa umesimama kwa kutazama viraka vya karanga zilizokufa.

Jambo la pili lilikuwa gumu zaidi kulifahamu. Wakulima wengine waling'oa mipekani mizee wakapanda michanga mahali pake. Miche ilikuwa mizuri, ardhi ililimwa vema, lakini majira ya kuchipua yalipofika vijani vilitoka na kasoro. Kijani cha mpekani huwa na ncha kali mbele, kama ncha ya mkuki. Hivi havikuwa na ncha. Vilikuwa vifupi, mviringo, na pembeni mwake palikuwa pameungua, mfano wa sikio la panya. Wakauita ugonjwa wa sikio la panya. Ulipozidi, vijiti vilidumaa, mizizi ikapungua, na miche mingine ikafa.

Ugonjwa huo haukuwa mpya. Ulikuwa umeandikwa tangu mwaka wa 1918, lakini ulionekana kwa miti michache, na watu hawakuujali sana. Wengine walisema ni baridi iliyochoma machipukizi. Wengine walisema ni virusi. Wengine walisema ni kukosa manganizi, au shaba. Na wako waliofikiri habari za zamani, wakaona majani madogo na vijiti vifupi, wakasema, "Ni zinki inayopungua," wakaongeza zinki. Hao walikuwa wakimnywesha mgonjwa kile kilichomwuguza.

Jibu lilipatikana mwaka wa 2004. Wataalamu Wood, Reilly na Nyczepir, waliokuwa wakifanya kazi katika kituo cha serikali cha utafiti wa miti ya matunda na kokwa huko Byron, Georgia, walionyesha ya kuwa miti yenye sikio la panya imekosa nikeli. Nikeli ni madini inayotumika katika sarafu, na kwa muda mrefu watu hawakujua kama mmea una haja nayo. Hata baada ya wataalamu kukubali katika miaka ya 1980 kwamba mimea huihitaji, walidhani ya kuwa hakuna shamba lolote litakaloikosa, kwa jinsi kiasi chenyewe kilivyo kidogo. Maana zinki yenyewe ni nyingi mara kadhaa kuliko nikeli katika jani la mpekani.

Kazi ya nikeli ni hii. Wakati wa baridi mpekani hauna majani, na naitrojeni yake huwekwa akiba katika mbao na mizizi. Majira ya kuchipua yakija, mti huipandisha akiba ile juu kwa haraka, nayo katika safari yake hugeuka kuwa yurea, kitu kile kile kilichomo katika mkojo wa wanyama na katika mbolea nyeupe ya dukani. Jani haliwezi kuitumia yurea mpaka imevunjwa. Kinachoivunja ni kitu kiitwacho yurease, kifanyacho kazi yake kama chachu katika unga. Mwaka wa 1975 wataalamu wa Australia walikwisha onyesha, kwa kuchunguza yurease ya mmea wa jamii ya maharagwe, kwamba ndani yake mna nikeli. Basi nikeli isipokuwapo, yurease haifanyi kazi. Chakula hufika kwenye jani lakini hakiliki, mambo yote ndani ya jani huharibika mpango, na asidi hukusanyika katika ncha na kuiua. Jani huendelea kukua pande zote isipokuwa mbele, nalo huwa mviringo.

Na kwa nini nikeli ilikosekana hasa katika mashamba ya zamani? Katika udongo nikeli ilikuwapo. Lakini zinki na nikeli huingia mzizini kwa mlango mmoja, na mlangoni pale palikuwa pamejaa zinki. Wageni elfu wakisimama mlangoni, mmoja aliye nyuma yao haingii, hata kama ndiye anayengojewa ndani. Dawa iliyowaokoa baba zao ndiyo iliyowafungia mlango watoto.

Ushahidi ulitolewa kwa miti yenyewe. Mwezi wa Oktoba, kabla majani hayajaanguka, mipekani yenye ugonjwa ilinyunyizwa maji yenye salfeti ya nikeli kidogo sana. Baridi ikaja, majani yakaanguka, hapakuwa na la kuonekana. Majira ya kuchipua yaliporudi, vijiti visivyonyunyizwa vilitoa masikio ya panya kama kawaida yake, na vijiti vilivyonyunyizwa vilitoa vijani virefu vyenye ncha.

Tangu hapo wenye mashamba hunyunyiza nikeli katika miche iliyopandwa mahali pa mipekani ya zamani. Zinki iliyomo ardhini hawana njia ya kuitoa. Waweza kutia chokaa kidogo ili iishike, walakini chokaa ikizidi huifunga nikeli pia, na huenda ikaurudisha ugonjwa wa waridi ule ule wa kwanza. Kwa hiyo hutia kwa kupima.

Na kupima huku hufanywa kwa majani. Mwezi wa Julai, au mwanzo wa Agosti, mkulima hupita katika safu za miti na kuchuma vijani 100 hivi. Hachumi popote apendapo. Huchagua kijiti cha mwaka huu, hutwaa jani la katikati ya kijiti, na katika jani hilo huondoa jozi ya vijani iliyo katikati, kwa sababu majani machanga na yaliyokwisha kuzeeka hayatoi hesabu moja. Huviosha vumbi, huvikausha, huvitia katika mfuko wa karatasi, huandika jina la shamba na aina ya miti, kisha huvipeleka vikapimwe. Baada ya siku kadhaa hupata karatasi yenye mistari: naitrojeni, potasi, chuma, manganizi, shaba, boroni, zinki, nikeli, na mbele ya kila jina tarakimu yake. Katika mashamba mengi ya zamani ya Georgia, mbele ya zinki huandikwa ya kwamba mwaka huu isitiwe.